Nani Apewe Alama?

Watu wengi hudhani kwamba kazi ngumu ya mwalimu ni kufundisha. Mimi niliyeshika chaki kwa zaidi ya miaka 35 nasema kwamba kazi ngumu ni kusahihisha. Somo likienda vibaya leo, kesho mwalimu hulirudia. Lakini alama ikishaandikwa kwa wino mwekundu, mtoto huibeba mpaka nyumbani, huionyesha kwa wazazi wake, na pengine huamini kwamba yeye ndiye ile alama. Tena kabla ya kalamu nyekundu kugusa daftari, pana mtu aliyekwisha kuamua kipi kistahili alama na kipi kisistahili. Uamuzi huo hufanyika kimya kimya, na aghalabu hakuna anayeuuliza.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikuwa na mkufunzi wa somo la upimaji ambaye hakutaka kabisa kusikia habari za alama kabla hatujajibu swali lake moja: unapima nini? Mtoto amepata njia ya hesabu lakini jibu limemponyoka, utampa ngapi? Mwingine jibu ni sahihi lakini njia haionekani, je, huyo? Insha yenye mawazo mazuri na mwandiko mbaya, utaifanyaje? Tulibishana mpaka kengele ikalia. Baadaye, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali kazi na mwenendo wake navyo vitazamwe, niliona kwamba swali lile halikuwa la darasani tu. Lilikuwa swali la taifa zima.

Nilipostaafu na kurudi kwenye shamba langu dogo hapa Karatu, nilidhani swali hilo nimeliacha shuleni pamoja na funguo za ofisi. Vijana wakanirudishia, tena kwa njia ya mpira.

Ndugu msomaji, huenda hujapata kuusikia mchezo unaoitwa Fantasi. Wenye asili yake ya sasa ni Waingereza, ambao tangu msimu wa 2002/03 wana mchezo unaokwenda sambamba na Ligi Kuu ya kwao. Kila mchezaji wa Fantasi hupewa fedha za karatasi, milioni 100, naye hununua kikosi cha wachezaji 15 walio hai na wanaocheza kweli: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, ilimradi wasizidi 3 kutoka klabu moja. Jumamosi mechi zikichezwa, kila alichofanya mchezaji uwanjani hugeuzwa kuwa alama kwa aliyemchagua. Bao la mshambuliaji ni alama 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya bao ni 3. Beki ambaye timu yake haikufungwa hupata 4. Kadi ya njano huondoa 1, nyekundu huondoa 3. Mshindi ni mwenye jumla kubwa. Hapo hakuna mpira unaopigwa na mguu wa mtu. Ni mchezo wa kuchagua na kuhesabu, na vijana wa Karatu wameupenda kama walivyoupenda wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Kundi lililonijia lilikuwa la watu 12. Wanne walikuwa madereva wa watalii, wawili walimu wa sekondari, mmoja fundi pikipiki, mmoja muuza vitunguu vya Mang'ola, mmoja mama mwenye mgahawa karibu na stendi, mmoja fundi seremala, na wawili wajukuu zangu. Walikuwa wamecheza Fantasi ya Waingereza kwa simu msimu wa 2023/24, na wakamaliza kwa ugomvi. Sasa walitaka kutengeneza ligi yao wenyewe, ya daftari, kwa kutumia wachezaji wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Walitaka mtu wa kushika daftari ambaye hana timu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema mkubwa wao, dereva mwenye mvi chache. "Tunakuomba uwe mwamuzi. Wewe umezoea kuchukiwa kwa sababu ya alama."

Niliwauliza kwanza kwa nini waligombana. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kijiografia. Katika mchezo wa Waingereza, mlango wa kubadili kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Kwa saa zetu, mechi ya mapema ya Jumamosi hufanya mlango huo ufungwe saa 7 au saa 8 mchana, kutegemea Waingereza wamesogeza saa zao au la. Saa hizo dereva wa watalii yuko wapi? Amepita lango la Lodoare asubuhi kukiwa na ukungu, amepanda mpaka ukingoni, kisha ameshuka kreta ya Ngorongoro, mita kama 600 chini, na wageni wake wamesimama juu ya gari wakimtafuta faru. Hata kama simu ingeshika mtandao, dereva anayechezea simu mbele ya wageni anacheza na mkate wake. Mwalimu wa sekondari ameketi kwake, ameona kwenye simu kwamba mchezaji fulani ameumia, amembadili. Dereva amebaki na majeruhi wake. Kanuni ni moja kwa wote, lakini haiwaangukii wote kwa uzito mmoja.

Sababu ya pili niliambiwa faraghani, na mama mwenye mgahawa. Yule kijana seremala alikuwa ameingia katika kubeti. Alikuwa amepokea fedha za mteja, malipo ya awali ya milango minne, akaziweka zote kwenye mikeka katika wiki mbili, na mbao hazikununuliwa. Mteja alikuja juu. Ndugu wakachanga, milango ikatengenezwa. Wenzake waliona kwamba kumkataza kijana asitazame mpira ni kazi bure. Afadhali wampe namna ya kuutazama ambayo haitamgharimu kitu. "Ligi hii, Mwalimu, ndiyo dawa yetu," alisema mama yule. "Ikiwa chungu sana ataitema. Ikiwa tamu sana itakuwa ule ugonjwa wenyewe."

Kwa hiyo tuliketi kutunga kanuni, Jumapili tatu mfululizo za mwezi wa 7 mwaka 2024, katika baridi ile ya Karatu inayowafanya watu washike vikombe vya chai kwa mikono miwili. Nitaeleza tulivyokata, na kwa nini.

Jambo la kwanza lilikuwa fedha, nalo halikuchukua muda. Hakuna kiingilio. Wajukuu walitaka kila mtu atoe shilingi 10,000 ili mshindi apate kitu. Niliwaambia kwamba mtu akilipa ili apate zaidi kwa bahati ya miguu ya mwingine, hata kama mko 12 na daftari lenu ni la mistari, mkeka umebadilishwa jina tu. Tukakubaliana kwamba mshindi atapata kuandikwa jina kwenye jalada la daftari, na wa mwisho atanunua chai na maandazi ya kikao kimoja.

La pili lilikuwa namna ya kugawana wachezaji. Sisi hatukuwa na soko lenye bei. Kama kila mtu angechagua atakavyo, wote 12 wangekuwa na washambuliaji wale wale wa Simba na Yanga. Tukaamua kuchagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa hachukuliwi tena. Kura ikapigwa kupanga zamu, kisha zamu ikageuzwa kila raundi: aliyechagua wa mwisho katika raundi ya kwanza awe wa kwanza katika raundi ya pili. Hesabu ilikubali. Ligi Kuu ina timu 16, yaani wachezaji 176 wanaoanza kila wiki; sisi tulihitaji 132. Jambo moja lilinifurahisha. Watu ambao kwa miaka walijua Simba na Yanga tu walilazimika kuuliza kipa wa Kagera ni nani, na beki wa kushoto wa timu ya Mbeya anachezaje. Kanuni ya kugawana iliwafungua macho waone nchi yao yote.

Kwa nini bao la beki liwe na alama nyingi kuliko la mshambuliaji? Mmoja wa walimu alisema bao ni bao. Ubao wa uwanjani hauandiki kazi ya mfungaji. Fundi pikipiki akamjibu kwamba yeye akitengeneza breki hapewi sifa, maana ndiyo kazi yake, lakini akimsaidia mama kujifungua barabarani mji mzima utasema. Tuliposikia hivyo tukabakiza kipimo cha 4, 5 na 6. Ila tuliandika kabla ya msimu nani ni kiungo na nani ni mshambuliaji, kwa sababu tulijua kwamba baada ya bao kila kiungo angedaiwa kuwa beki.

Pasi ya bao ilipata mtetezi ambaye hakutarajiwa. Mama wa mgahawa alisema: "Mteja husifu aliyemletea sahani mezani. Aliyechota maji na kuchambua mchele hamjui." Pasi ikabaki na alama 3. Lakini swali la mkufunzi wangu likarudi: nani atasema pasi ilikuwa ya nani? Katika mechi inayotangazwa redioni mtu husikia tu jina la mfungaji na kelele za mashabiki. Hapo tukaweka kanuni ambayo mimi naihesabu kuwa mama wa kanuni zetu zote: tutahesabu tu kile ambacho watu wawili wasio na maslahi wanaweza kukishuhudia. Kama hawapatikani, alama haipo.

Kanuni hiyo ilitupunguzia mambo mengi. Waingereza hutoa alama za ziada, 1 hadi 3, kwa waliocheza vizuri kupita wengine katika kila mechi, kwa hesabu ndefu inayotokana na takwimu za kila mguso wa mpira. Hatukuwa na takwimu hizo, tukaziacha. Hutoa alama 1 kwa kila mipira 3 ambayo kipa ameokoa, tukaacha. Hutofautisha aliyecheza dakika 60 na asiyefika. Sisi tukasema anayeanza apate 2 na anayeingia baadaye 1, kwa maana hilo kila mtu analiona. Wapo walionung'unika kwamba kipimo chetu ni butu. Ni kweli, ni butu. Lakini rula butu iliyo mikononi mwa wote huwagombanisha watu kidogo kuliko rula kali iliyofungiwa kabatini kwa mtu mmoja.

Ubishi mkubwa kuliko yote ulikuwa juu ya penalti iliyokoswa. Waingereza humkata mpigaji alama 2. Vijana wengi walitaka tufanye vivyo hivyo. Mimi, ambaye nilikuwa nimekaa kimya kama inavyompasa mwamuzi, niliomba ruhusa ya kusema. Niliwakumbusha fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 1994 huko Marekani. Roberto Baggio ndiye aliyeibeba Italia mpaka fainali, na ndiye aliyepaisha penalti ya mwisho. Dunia ilikumbuka mpira ule uliopita juu ya mwamba kuliko mabao yaliyoifikisha Italia pale. Nikawaambia kwamba asiyepiga hakosi. Darasani nilikuwa na watoto walionyoosha mkono na kujibu vibaya, na watoto walioketi wameinama mwaka mzima wasikosee hata mara moja. Nikikata alama kwa anayenyoosha mkono, mwisho wa mwaka nitakuwa na darasa la walioinama. Kadi nyekundu ni sawa kukatwa, maana mtu ameiumiza timu kwa kukosa kujizuia. Kujifunga kukatwe kidogo. Lakini kukosa penalti ni ushujaa ambao haukufanikiwa, na bao alilolikosa limekwisha kumwadhibu. Kura zikawa 8 kwa 4. Penalti iliyokoswa ikabaki sifuri.

Msomaji atauliza: mambo haya madogo yana uzito gani? Mimi nasema kipimo hubadili hata macho ya mtu. Dereva yule mwenye mvi alitueleza habari za wale wanyama wanaoitwa wakubwa watano: simba, chui, tembo, nyati na faru. Orodha hiyo haikutungwa na wapenda wanyama. Ilitungwa na wawindaji, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wagumu na wa hatari kuwawinda kwa miguu. Siku hizi mgeni hubeba kamera tu wala si bunduki, lakini orodha ya wawindaji bado imo kichwani mwake. "Nikishusha wageni kreta," alisema, "tunapita flamingo ziwani, nyumbu na ndama wao, fisi anayenyonyesha. Hawatazami. Wanauliza faru. Wakimkosa faru wanarudi hotelini kama watu walioibiwa." Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ikiwa mahali pa wanyama na wafugaji wa Kimasai pamoja, ina mambo ya kumtosha mtu maisha yake yote. Kipimo cha watu waliokufa zamani humfanya mgeni apite bila kuyaona.

Mpira wenyewe umeonyesha hivyo. Mimi nilikulia katika siku ambazo ushindi ulikuwa alama 2 na sare 1. Timu iliyotoka sare mara mbili ilikuwa sawa na iliyoshinda moja na kufungwa moja, kwa hiyo ugenini watu walijaza mabeki, wakaridhika. Uingereza ilianza kutoa alama 3 kwa ushindi mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994. Uwanja haukupanuliwa wala goli halikuongezwa upana. Tarakimu moja tu ilibadilishwa, na kila kocha akalazimika kufikiri upya kama sare inamtosha.

Lakini hata kipimo kizuri ni batili kikiwekwa baada ya mchezo. Hili nililishikilia kwa nguvu zote, na mifano haikuwa mbali. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilifungwa 2–1 na USM Alger jijini Dar es Salaam tarehe 28 Mei, kisha tarehe 3 Juni ikaenda Algiers na kushinda 1–0. Jumla 2–2, na kombe likabaki Algeria kwa sababu ya mabao ya ugenini. Wakati huo Ulaya walikwisha kuifuta kanuni hiyo katika mashindano ya klabu zao tangu mwaka 2021. Mashabiki waliumia, na wapo waliosema kanuni ni mbovu. Pengine ni mbovu. Lakini Yanga waliijua kabla ya filimbi ya kwanza, na kwa hiyo waliweza kuumia bila kuibiwa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nami huueleza kwa sauti ya chini. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi Februari 2013, watahiniwa wapatao 6 katika kila 10 walikuwa wamepata sifuri. Nchi ililia. Iliundwa tume, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia, kwa kuwa namna ya kupanga madaraja ilikuwa imebadilishwa. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Hakuna mtoto aliyerudi chumba cha mtihani. Majibu yalikuwa yale yale, kwa kalamu ile ile. Kilichobadilika ni kipimo, na kwa kipimo hicho maelfu waliokuwa wameambiwa wameanguka waliambiwa wamefaulu. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini miezi ile mitatu kati ya Februari na Mei, kijana aliyekaa nyumbani akiamini kwamba yeye ni sifuri, nani anaweza kumrudishia?

Mjukuu wangu mmoja hucheka kwamba katika mtihani wa kidato cha nne alama chache ndizo bora: mwenye 7 ni wa juu kabisa, mwenye 17 bado yumo daraja la kwanza, na mwenye 18 yumo la pili. Mimi sicheki. Mahali fulani lazima mstari upigwe, na daima yuko mtu anayesimama hatua moja nje ya mstari. Tunachoweza kumfanyia mtu huyo ni kuhakikisha kwamba mstari ulichorwa kabla hajafika.

Kwa sababu ya seremala wetu tuliongeza kanuni moja ambayo Waingereza hawana. Ligi Kuu ina mechi 30 kwa kila timu, nasi tukaigawa miwili. Mzunguko wa kwanza una bingwa wake, na baada ya mechi 15 hesabu inaanza sifuri, kama muhula mpya. Aliyebaki nyuma sana mwezi Desemba huacha kujali, na asiyejali hurudi alikotoka. Mwalimu mmoja alisema hiyo si haki kwa anayeongoza. Nilimkubalia kwamba ni kweli anapoteza kitu. Lakini ligi hii haikuundwa ili kumtafuta bora kabisa. Iliundwa ili watu 12 wawe pamoja mpaka mwisho. Ukijua unapima nini, utajua pia unakubali kupoteza nini.

Msimu wa 2024/25 ukatujaribu. Katika mzunguko wa pili seremala alichangamka. Alikuwa amesoma vikosi vya timu ndogo kuliko sisi sote, na kufikia mwezi Machi alikuwa akipigana na dereva mwenye mvi kileleni. Kisha ikaja dabi ya Kariakoo ya tarehe 8 Machi 2025, na siku ile ile ikaahirishwa. Nchi nzima ilibaki na kiporo. Wiki zikapita, miezi ikapita. Mechi nyingine zote zikaisha, na kiporo kikapangwa tarehe 25 Juni. Daftari letu lilionyesha seremala anaongoza kwa alama 3. Yeye alibakiwa na mshambuliaji wa Simba. Dereva alibakiwa na beki wa Yanga.

Hapo wengine walianza kusema kiporo kisihesabiwe. Mechi ya Machi inachezwaje Juni? Wachezaji wamechoka, hali imebadilika, kijana amejitahidi, tumpe. Walitaka tupige kura. Sitaki kuficha kwamba moyo wangu ulikuwa upande wa kijana yule. Lakini kanuni ya 9 ilisema kwamba mechi iliyoahirishwa itahesabiwa siku itakapochezwa, maadamu msimu haujafungwa. Niliisoma kwa sauti. Nikawaambia kwamba kupiga kura juu ya kanuni wakati matokeo yanajulikana ni kuwapigia kura watu. Na leo tukimpa huyu kwa huruma, kesho tutamnyang'anya mwingine kwa chuki, kwa kalamu ile ile.

Yanga walishinda 2–0. Beki wa dereva alianza na timu yake haikufungwa: alama 6. Mshambuliaji wa seremala alianza, hakufunga: alama 2. Dereva akawa bingwa wa mzunguko kwa alama 1. Seremala aliichukua kalamu, akajumlisha mwenyewe mara mbili, akairudisha, akaondoka bila kumaliza chai. Mama wa mgahawa alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Siku tatu nilikuwa nikisikiliza kama kuna habari mbaya kutoka huko kwenye vibanda vya kubeti.

Jumamosi alikuja nyumbani kwangu na karatasi. Alikuwa ameandika mapendekezo manne ya msimu mpya. Mojawapo lilitaka kazi ya siri ya mabeki ipewe alama: mipira waliyoondoa, waliyozuia na waliyopokonya. Baadaye, msimu wa 2025/26 ulipoanza, tuliona kwamba Waingereza nao wameweka jambo hilo hilo: alama 2 kwa beki anayefikisha vitendo 10 vya namna hiyo katika mechi. Wenzake walimwita profesa. Pendekezo lake halikupita kwetu, kwa kanuni ile ya mashahidi wawili. Lakini lilijadiliwa Jumapili nzima, naye alilitetea kwa heshima, akashindwa kwa heshima. Mtu anayejisumbua kurekebisha kanuni za mchezo bado yumo mchezoni, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta tangu Jumapili ya kwanza.

Wilaya zetu hizi zimetoa wakimbiaji. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, na saa haikubishana na mtu. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji, usiku umeingia. Kwa kipimo cha siku ile hakupata kitu. Leo watu wengi duniani wanalijua jina lake kuliko la aliyeshinda. Nawaeleza vijana habari za watu hawa wawili pamoja, ili wajue kwamba kipimo ni kitu cha lazima, na kwamba hakuna kipimo kinachommaliza mtu.

Daftari la msimu huu lina kanuni 11. Ya mwisho inasema kwamba kanuni yoyote yaweza kubadilishwa, lakini si katikati ya mzunguko. Chini yake wote 12 wametia sahihi, na sahihi ya kwanza ni ya seremala.